Nilivyoondoa masalia ya programu kwenye rejista bila kupiga Windows upya

Mafundi wetu wana dawa moja ya kila ugonjwa. Hujamaliza kueleza, umeshajibiwa: "Dada, hapa tupige tu Windows." Bei nikatajiwa, kama elfu thelathini hivi, na mashine ilale kwake. Ugonjwa wenyewe ulikuwa programu ya skana ambayo hata haipo tena.

Nina ofisi ya kuchapa na kutoa kopi Morogoro. Kijana anayenisaidia alitaka nafasi kwenye diski, akaingia Program Files (x86) na kufuta folda nzima ya ile programu. Nafasi ikapatikana kweli. Tangu hapo nikiwasha kompyuta, Windows inalalamika kuna faili hailioni. Kwenye orodha ya programu jina bado lipo. Nikibonyeza kuiondoa, naambiwa kiondoaji hakipatikani. Kitapatikana wapi? Programu nyingi huweka kiondoaji chao, mara nyingi unins000.exe, ndani ya folda ileile. Nikiweka toleo jipya, linagoma: ondoa kwanza la zamani.

Jamaa mmoja, mjuaji kweli, akaniambia nipakue programu ya kusafisha rejista, yaani lile daftari ambamo Windows huandika mipangilio yake na ya programu zote. Haya, nikapakua. Ikaanza kuzunguka, rangi nyekundu kila kona, mwisho ikatangaza imekuta makosa mamia kwa mamia na kompyuta yangu iko hatarini. Kuyatibu? Lipia kwanza. Bure inakusafishia machache tu, nikayakubali hayo machache. Nikawasha upya: malalamiko yaleyale, skana ipo palepale, na juu yake ile programu ya usafi nayo imejiandikisha kuwaka kila kompyuta ikiwaka! Nilileta mfagiaji, akahamia na godoro lake. Microsoft wenyewe wameandika kwamba hawaungi mkono programu za namna hiyo, na sasa najua sababu. Rejista ina maingizo chungu nzima, na mabaki yaliyolala tu hayapunguzi kasi ya kitu. Yanayosumbua ni yale ambayo Windows huyasoma: ya kuwasha programu, ya huduma (programu zinazofanya kazi chinichini bila kuonekana), na ya orodha ya kuondolea programu.

Basi nikaingia mwenyewe kwa regedit, kifaa cha Windows cha kufungulia na kuhariri rejista. Nilitengeneza kwanza restore point, alama ya kurudishia Windows ilivyokuwa mambo yakiharibika, maana kwenye kompyuta nyingi ulinzi huo umezimwa na mwenyewe hana habari. Ukiambiwa Windows inajiwekea nakala ya rejista kwenye folda ya RegBack, kafungue uone: tangu toleo la 1803 la Windows 10, mwaka 2018, mafaili ya humo yana ukubwa wa sifuri.

Kila maelezo niliyosoma yalinipeleka HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Uninstall. Nikapekua majina yote, skana haimo. Yule jamaa akasema basi imeshatoka. Imetokaje na kwenye orodha naiona? Jibu lilikuwa kwenye jina la folda ilimokuwa programu hiyo, ile ya x86: humo hukaa programu za biti 32, aina ya zamani. Programu za biti 32 kwenye Windows ya biti 64 huandikwa chini ya SOFTWARE\WOW6432Node, na humo kuna Uninstall nyingine kamili. Nikaikuta imetulia.

Hapa ndipo najisifu kidogo. Sikuifuta papo hapo. Nilisoma kwanza UninstallString yake, mstari unaoonyesha kiondoaji kilipo, nikanakili njia (anwani kwenye diski) ya ile folda iliyokufa, kisha nikatafuta rejista nzima, Ctrl+F halafu F3, F3, F3, kwa kutumia njia hiyo. Wengi hutafuta jina la kampuni. Sasa printa yangu na skana ni za kampuni moja; ningefuta kila chenye jina hilo, jioni ningekuwa sina printa na wateja wamejipanga na barua zao. Njia ya folda haidanganyi: ingizo linaloelekeza kwenye folda isiyokuwepo halina kazi. Kila nililolikuta nilitoa nakala yake kwa Export, ndipo nikafuta. Moja lilikuwa kwenye Run, orodha ya programu zinazowaka pamoja na Windows, ya humohumo WOW6432Node, na ndilo lililokuwa linaleta kelele za asubuhi.

Lingine lilikuwa huduma, chini ya SYSTEM\CurrentControlSet\Services. Hilo sikuligusa kwa mkono. Nilifungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa haki za msimamizi, nikaandika sc delete na jina la huduma. Jina ni lile la kwenye rejista, si lile refu linaloonekana kwenye dirisha la Services. Na kama unatumia PowerShell iliyokuja na Windows, dirisha jingine la amri, andika sc.exe, kwani humo sc peke yake ni amri nyingine kabisa: itakutengenezea faili linaloitwa delete na huduma itabaki inakutazama.

Nikawasha upya. Kimya. Toleo jipya likaingia bila swali, na gharama yote ni bando, tena sehemu kubwa ililiwa na yule mfagiaji. Fundi nilipomweleza akasema itarudi tu. Mpaka sasa haijarudi.

Yale mafaili ya .reg niliyoyatoa kwa Export nimeyahamishia kwenye flashi, mbali na yule kijana. Ukilibonyeza moja mara mbili na kukubali, linarudisha kwenye rejista yale yaliyomo ndani yake.