Sarafu za chini ya viti: jinsi nilivyozitambua

Mimi ni fundi wa viti vya magari hapa Nyakato, Mwanza. Ukivua viti vya gari la mtumba lililotoka Japani hukosi kukuta kitu chini yake: risiti, vibanio vya nywele, sarafu. Mwenye gari ananiambia, "Fundi, baki nazo tu," na kopo langu likajaa.

Kila aliyelichungulia alikuwa na ushauri. Dalali mmoja alishika ile ya njano yenye tundu akaapa ni rupia ya Mjerumani, nimwachie kwa elfu ishirini hivi. Mwingine akasema nizisugue kwa ndimu na majivu zing'ae ndipo zisomeke. Huyo aliniudhi zaidi, maana sarafu ya zamani ikishasuguliwa thamani yake inashuka, na anayejua sarafu ataona mara moja. Maji ya vuguvugu na kitambaa laini vinatosha. Na hiyo rupia wanayoitafuta ina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, wala haina tundu. Zenye tundu ni heleri, sarafu ndogo za Mjerumani huyohuyo, kama ile ya heleri 10.

Ile ya njano ilikuwa yeni 5. Haina tarakimu hata moja, ndiyo maana inawasumbua watu, lakini ina suke la mpunga, na mtu wa Magu hawezi kulikosea. Kazi ilikuwa mwaka, kwa kuwa umeandikwa kwa herufi zao na nyingine zimelika. Simu ilikataa kabisa kuzisoma. Nikajaribu tochi kwa juu, ikang'aa tu. Nikailaza tochi pembeni ya sarafu, vivuli vikaanza kutokea. Kisha nikaweka karatasi nyembamba juu yake, nikapitisha penseli taratibu, na maandishi yakapanda kwenye karatasi moja baada ya jingine! Nikapiga picha ya karatasi, simu ikasoma bila shida. Nilifurahi mno, nikawaita vijana wote wa gereji waje waone.

Wajapani huhesabu mwaka kwa enzi ya mfalme wao. Ukiona 昭和 ni Showa, unajumlisha 1925. Ukiona 平成 ni Heisei, unajumlisha 1988. Yangu ilikuwa Showa 49, yaani 1974.

Zilibaki mbili za rangi ya fedha zenye nyota, hazina nchi wala mwaka. Sumaku ya spika mbovu ilizinasa palepale, na yeni zinazotumika siku hizi hazinasi, hata moja. Hizo ni za mashine za kamari za huko: mchezaji anazikodi, anachezea humohumo. Dukani hazinunui kitu. Sonara mmoja mjini alinipimia zote kwa bei ya soda, na kabla hajaanza nilimwomba aweke yeni 1 kwanza, kwa sababu ina uzito wa gramu 1 kamili. Mizani yake ilikuwa sawa, basi yeni 5 ikatoa gramu 3.75 kama inavyotakiwa.

Habari zikaenea. Mama mmoja wa Kirumba akaniletea ya shaba nyekundu, yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja na mizani upande wa pili. "Mwanangu, wanasema ni ya Uarabuni, wananipa elfu tano." Tarakimu zilikuwa ١٢٩٩, yaani 1299. Huo ni mwaka wa Hijria: unazidisha kwa 0.97, unajumlisha 622, unapata 1882. Nikamwambia, mama, hii si ya Uarabuni, ni pesa ya Zanzibar ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Nikamsihi asimuuzie mtu asiyeweza hata kumsomea mwaka wake.