Bayleaf, nyumba ya mkulima isiyo na bomba la moshi

Basi liliniteremsha Singleton, kijiji cha West Sussex, kusini mwa Uingereza, kilichojificha bondeni, nikaingia kwa miguu katika makumbusho ya Weald and Downland. Nyumba za kale ni nyingi pale. Nilizipita upesi, maana nilikuwa na hamu ya moja tu.

Bayleaf ilijengwa Chiddingstone, Kent, mwanzoni mwa karne ya 15. Miaka ya 1960, lilipoanza kujengwa bwawa la Bough Beech, ikabidi iondoke. Mafundi wakaifungua boriti moja moja na kuja kuisimamisha huku. Nyumba ya mawe usingeihamisha hivyo. Hii ni ya mwaloni, ulimi wa mti huu umeingia katika tundu la mti ule, na kigingi cha mti kimepigwa kuvikaza.

Kwa nje, ncha zote mbili zina ghorofa zilizotokeza mbele, na katikati ukuta umerudi ndani. Paa la vigae ni moja kwa nyumba nzima, kwa hiyo pale katikati upenu umening'inia mbali na ukuta, ukishikiliwa na miti iliyopinda kama upinde. Nilisimama pale muda mrefu. Sijaona umbo la nyumba lililonipendeza kuliko lile.

Ukuta niliujua kabla sijaugusa: fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi. Nyumba ya bibi yangu Muheza ilikandikwa vilevile, na mikono yangu ya utotoni ilishiriki. Mtambaapanya, kombamoyo, kila mti niliutaja kwa jina lake kimoyomoyo.

Ndani, ukumbi hauna dari. Jicho linapanda moja kwa moja hadi paani. Moto unawaka katikati ya sakafu. Madirisha ni marefu, hayana vioo, yana nondo za mbao na vibao vya kufungia. Meza ya mwenye nyumba imewekwa upande wa mbali na milango, penye staha. Vyumba vya vinywaji na vyakula viko upande wa pili, mkabala. Nyuma ya meza kuna chumba, na juu yake chumba cha kulala chenye choo chake. Upande huo uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 16, nao unaonyesha wazi kwamba wakulima hawa hawakuwa maskini.

Moshi ulikuwa umetanda, macho yakaniwasha. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akichochea kuni, waliishije humu? Hakunijibu kwanza. Aliinuka, akafunga vibao vya dirisha la upande unaovuma upepo, akaacha wazi la upande wa pili.

“Subiri kidogo,” akasema.

Moshi ukanyooka, ukapanda taratibu, ukapotelea kwenye giza la paa.