Chumba kimya karibu na pembea: safari ya ghafla ya Dubai na Yas

Skuli zimefungwa, watoto wameshaambiwa, na siku zilizobaki ni tano. Hapo ndipo wengi wetu wa Unguja na Pemba tunapoteleza: tunafungua simu, tunapanga hoteli kwa nyota, tunachukua ile iliyo mlangoni kabisa mwa viwanja vya pembea vya Dubai au vya kisiwa cha Yas. Nyota tano zinahesabu bwawa, mikahawa, ukubwa wa chumba na wingi wa wahudumu. Utulivu haumo katika hesabu hiyo. Usingizi mzuri unategemea chumba chenyewe kiko ghorofa gani, kinatazama wapi na kimepakana na nini, na hayo huamuliwa na mtu wa mapokezi, mara nyingi jana yake kabla hujatua.

Kabla ya chumba kuna viza. Mwenye pasi ya Tanzania anaihitaji kabla ya kupanda ndege, na pasi iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Kwa hiyo usikamatwe na ile bei ya chini yenye maandishi madogo ya "hairejeshwi". Viza ya mtu mmoja ikichelewa, fedha ya familia nzima imekwenda. Chukua bei ya kufuta bure hata ikiwa juu kidogo, viza zikitoka zote ndipo uangalie kama kuna iliyoshuka. Hoteli zenye vyumba vitupu huteremsha bei siku mbili tatu za mwisho, nawe, kama muda wa kufuta bure haujapita, huna unachopoteza kwa kufuta na kukata upya.

Sasa wapi. Flydubai inaruka moja kwa moja kutoka Zanzibar hadi Dubai, lakini pembea zimetawanyika. IMG Worlds of Adventure iko Dubai, yote ndani ya jengo lenye kiyoyozi. Motiongate na Legoland ziko pamoja upande wa Jebel Ali, mbali na mjini, njia ya kwendea Abu Dhabi. Kisiwa cha Yas, kilichoko Abu Dhabi, kina Ferrari World ya mwaka 2010, Yas Waterworld ya 2013, Warner Bros. World ya 2018 na SeaWorld ya 2023. Kutoka uwanja wa ndege wa Dubai hadi Yas ni zaidi ya kilomita 100, saa moja na zaidi ndani ya gari. Mwenye siku 3 tu asijaribu kufanya pande zote mbili, atazimaliza barabarani. Na mpime mtoto kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kuahidi chochote: Formula Rossa, pembea ya reli pale Ferrari World inayofika kilomita 240 kwa saa, inataka urefu wa sentimita 140.

Kwa anayetafuta kimya, maoni yetu ni kutolala Yas hata kama unacheza Yas. Lala Saadiyat, kisiwa jirani, kama dakika 20 kwa teksi. Kuna fukwe, kuna makumbusho ya Louvre, na baadhi ya hoteli zake ni majengo yaliyolala kando ya bahari, St. Regis na Park Hyatt zikiwa miongoni mwao. Yas yenyewe ina uwanja wa mbio za magari, ukumbi wa Etihad Arena na uwanja wa wazi wa matamasha. Hoteli ya W imejengwa juu ya njia ya mbio, magari yanapita chini yake. Ukilala hapo wakati wa mashindano usilalamike, watu wanalipa ziada ili wayasikie. Mbio za Formula 1 huangukia mwisho wa Novemba au mwanzo wa Disemba, na mwaka 2024 zilikuwa tarehe 6 hadi 8 Disemba. Anayesafiri likizo ya Disemba atazame kalenda hiyo kwanza.

Ubaya wa kulala Saadiyat ni kupoteza basi la bure linalozunguka Yas. Teksi mara mbili kwa siku, jumlisha mwenyewe.

Siku pia zina kelele zake. Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki kule ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Jumanne na Jumatano foleni ni fupi na chumba cha chakula cha asubuhi kinasikilizika. Sikukuu ya Mfunguo Mosi na ya Mfunguo Tatu, ambazo ndizo tunazozitaka sisi, ndizo hizo hizo ambazo watu wa Ghuba wote wako nje na watoto wao. Juni hadi Septemba bei zinashuka kwa sababu joto linapita nyuzi 40. Usijidanganye kwamba umezoea jua la Chwaka. Miezi hiyo chagua viwanja vya ndani, na vya maji viache hadi jioni.

Turudi kwenye chumba, maana hapa ndipo fedha inapofanya kazi au inapopotea. Ukikata kupitia tovuti ya kati, hoteli mara nyingi hukupa aina ya chumba, si chumba. Kinachobaki mwisho ni kile mbele ya lifti, juu ya baa, au chenye mlango wa kuunganisha na chumba cha jirani. Huo mlango ndio adui mkubwa. Ukuta unaweza kuwa mnene namna gani, lakini mlango ni ubao, na chini yake kuna uwazi wa kidole ambao mazungumzo ya jirani hupita kama uko naye barazani. Kama familia yenu inachukua vyumba viwili, uombeni. Kama ni kimoja, ukataeni.

Andika barua pepe ya mistari mitano, kisha piga simu mapokezi alasiri ya siku moja kabla, wakati vyumba vinapogawiwa. Usiseme "nataka chumba kimya", kila mtu anasema hivyo na jibu ni "ndiyo bwana". Sema kwa vipande: kisiwe na mlango wa kuunganisha, kiwe mbali na lifti na stoo ya wahudumu, kitazame bahari au bustani badala ya barabara kuu, kisiwe chini ya mkahawa, ukumbi wa mazoezi au bwawa la juu ya paa. Uliza kama kuna ujenzi kiwanja cha pili. Uliza muziki wa bwawani unazimwa saa ngapi. Au maliza nusu ya matatizo kwa pigo moja, ukachukue hoteli isiyouza pombe; Dubai zipo za kifahari, na hazina baa wala disko la kuwaamsha saa nane usiku. Adhana ya alfajiri wageni wengine huihesabu kelele. Sisi hatuihesabu.

Bei unayoiona si unayolipa. Dubai huongezwa asilimia 10 ya huduma, 7 ya manispaa na 5 ya VAT, halafu dirham 20 kwa kila chumba kila usiku kwa nyota tano. Chumba cha dirham 1,000 kabla ya nyongeza hizo hakitapungua 1,240. Kisha kuna amana, ambayo kadi ya benki ya kawaida hukatwa kweli na kurudi baada ya siku kadhaa, pengine wiki. Iarifu benki kabla ya kuondoka, uulize na kikomo cha matumizi ya siku, la sivyo kadi itakataa mbele ya mapokezi watoto wakiwa wamelala juu ya masanduku.

Kuingia chumbani kwa kawaida ni saa tisa alasiri. Ndege ikitua alfajiri, ama ulipie usiku uliotangulia ama ukae ukumbini.

Ukishaonyeshwa chumba, mwambie anayebeba mizigo asubiri mlangoni. Zima kiyoyozi na televisheni, funga mapazia, simama dakika moja bila kusema. Ukisikia lifti inalia, bomba linavuma ukutani au bwawani kunadunda, rudi chini hapo hapo. Masanduku hayajafunguliwa, kwa hiyo kukubadilishia ni kazi ya dakika kumi. Ukingoja hadi saa nne usiku, hoteli imejaa, na kilichobaki ni taulo la kuogea lililokunjwa na kuzibia uwazi wa chini ya mlango.