Kichwani nilichomwa na pini tu

Nianze na embe, kwa sababu ndilo lililoniangusha.

Lingekuwa zima ningeliona. Hili lilishaanguka usiku, likakanyagwa na gari za shamba tangu alfajiri, likawa uji juu ya lami pamoja na kokwa na majani, kisha mvua ya vuli ikaja kulilainisha vizuri. Wanaoijua njia ya Chake kwenda Wete, huku Pemba, wanaijua miembe yake. Ukipita mwezi wa kumi na mbili, harufu inakufikia hata ukiwa ndani ya kofia ya pikipiki. Mimi ilinifikia, na nakumbuka nikajisemea moyoni kuwa jioni nikirudi nitasimama ninunue mabichi ya achari. Hapo hapo gurudumu la mbele likateleza, nikaenda chini kwa ubavu wa kushoto, na pikipiki ikaja kulala juu ya mguu wangu.

Kasi ilikuwa kama thelathini. Naisema kwa sababu kila aliyekuja kunitazama alianza na hilo: "Ulikuwa unakwenda mbio?" Sikuwa nakwenda mbio. Mimi ni mwalimu wa sayansi, nina miaka arobaini na mmoja, nakaa Madungu, na hiyo vespa yangu (huku kila pikipiki ya matairi madogo ni vespa, hata iwe imetoka China) ukiiminya sana inalia kama mbuzi. Nilikuwa nakwenda skuli kusahihisha mitihani.

Lami hujaijua mpaka uilalie. Tumezoea kuiona kwa juu, tukadhani ni laini. Ukiburutwa mita nne tano unatambua kuwa ni mawe yaliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Sauti iliyobaki masikioni mwangu mpaka leo ni ya kofia kusaga chini, upande wa shavu. Ndefu, kama mtu anakuna nazi kwa mbuzi butu. Nilikuwa naisikia ndani ya meno, na akili ilikuwapo ya kutosha kufahamu kuwa pale panaposagika ndipo palipo shavu langu.

Vijana wawili wauza maembe ndio walionifikia mwanzo. Mmoja akaishika kofia kwa mikono miwili, anataka kuivuta. Mtu wa bodaboda aliyekuwa anapita akampigia kelele: "Usimvue! Muache! Shingo hiyo!" Sijui alifundishwa wapi, Mungu amjaze kheri. Mtu akianguka, hakuna anayejua shingo yake ikoje. Maadamu anapumua na anasema, kofia huachwa mpaka wapatikane wanaojua kuivua. Yangu nilivuliwa hospitali na watu wawili, mmoja ameshika shingo, mwengine anavuta taratibu.

Muuguzi akapitisha vidole kichwani, akavitoa na tone la damu. Akafunua ushungi, akatafuta, akaipata: pini imezama nyuma ya sikio. Jeraha langu lote la kichwani ni hilo, pini niliyoichomeka mwenyewe mbele ya kioo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akinadada mnaoendesha, hebu nisikilizeni. Chini ya kofia msivae pini. Vaeni ile kofia ya ndani ya pamba inayobana, ushungi mkauvae mkifika. Na ushungi wa hariri unateleza, kofia inacheza kichwani kama kawa juu ya chungu.

Hiyo kofia alinipa kaka yangu anayefanya kazi Maskati, alipokuja likizo. Inafunika uso mzima mpaka kidevuni. Siku ya kwanza kuivaa watoto wa mtaani walinikimbilia: "Mwalimu anakwenda mwezini!" Kabla yake nilikuwa na ile ya elfu thelathini, gamba la plastiki na ndani sponji ya godoro. Hizo mimi naziita kofia za askari, kwa kuwa zinavaliwa kwa ajili ya askari. Inaning'inia kwenye kioo, ukimuona askari unaitia kichwani bila kufunga kamba, ukishampita inarudi kiooni. Nami nilifanya hivyo miaka mitatu. Kaka ndiye aliyenionesha kwamba kwenye kamba ya ile mpya kumeshonwa kitambaa kina herufi E ndani ya duara, na namba ya nchi iliyoipitisha. Ni alama ya kuwa imepimwa kwa kanuni ya Ulaya, ECE 22. Sikumjali. Niliivaa kwa sababu ina kioo cha kuzuia vumbi.

Sasa tushuke chini, maana huko ndiko kwenye hesabu.

Juu ya buibui nilivaa koti la jinsi. Limechanika kiwikoni, kiwiko kizima. Mikononi sikuvaa kitu, na kiganja cha kushoto ngozi ilitoka kama ya embe. Miguuni nilivaa makubadhi. Moja lilikutwa mtaroni, mkanda umekatika. La pili sijaliona mpaka leo.

Picha ilionesha mfupa mwembamba wa nje umevunjika karibu na kifundo cha mguu. Daktari akasema haukuhama, kwa hiyo hakuna kupasuliwa, alhamdulillahi. Ila ngozi ya juu ya unyayo ilikuwa imechunika, na ndani yake mna barabara. Muuguzi alikaa na koleo dogo akazitoa changarawe moja moja, akizidondosha kwenye kisahani cha chuma. Tin. Tin. Nilihesabu mpaka kumi na tisa nikaacha. Mfupa ulipovunjika sikulia. Kwa changarawe nililia, tena kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kunisomea.

Kwa sababu ya kidonda nilifungwa muhogo (huku plasta ngumu ya mfupa uliovunjika tunaiita hivyo) wa nusu kwanza, upande wa nyuma tu, ili uvimbe ushuke na kidonda kioshwe. Siku ya kumi na mbili nikafungwa muhogo kamili. Mjomba alipokuja alitoa mzaha ambao kila Mpemba angeutoa: "Huu mbona hauna tui?"

Mama yangu alitaka niende kwa mzee mmoja wa kuunga mifupa, upande wa Micheweni. Siwadharau waungaji. Babu yangu aliungwa mkono na ukapona, ingawa tangu hapo haukunyooka sawasawa. Lakini mimi nilishaiona picha, nikamwambia mama mfupa umekaa mahali pake, atakayeuvuta atauhamisha. Tukapatana: hospitali wachukue mguu, mama apewe bega na nyonga. Mama anaamini mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) yanatibu kila kitu isipokuwa deni. Kwa maumivu ya nyama sitabishana naye. Ndani yake mna yujinoli, ile ile inayotia ganzi jino bovu. Jioni moja mkono wake ukateleza ukafika kwenye mchubuko mbichi. Majirani walikuja kuuliza kuna nini.

Wiki sita za muhogo ni nyingi kwa anayeishi nyumba yenye choo cha kuchutama. Hili hawakwambii hospitali. Mume wangu kazi yake iko Unguja. Alipokuja Jumamosi alichukua kiti cha plastiki, akakitoboa tundu kwa kisu cha moto, akakiweka chooni bila ya kusema neno. Katika miaka kumi na minne ya ndoa sijapewa zawadi iliyonifaa zaidi. Mguu nikauvika mfuko wa plastiki na mpira wa kufungia, kila nikienda kuoga, kwani muhogo ukirowa unalainika. Nikisali nilikaa. Sherehe za Mapinduzi, Januari 12, nilizitazama kwenye televisheni mguu uko juu ya mito miwili, na vidole vimevimba kama ndizi mkono.

Wageni walikuja wengi, na mikate ya kumimina, na maneno. Bi mkubwa mmoja wa mtaa wa pili alikaa, akanywa chai, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mwanamke na pikipiki wapi na wapi? Ungepanda gari ya abiria yangekukuta haya?" Nilimjibu, "Kweli, bibi," maana huwezi kubishana na mtu wa umri wake uko kitandani. Lakini nilikuwa na jawabu, na naliweka hapa. Sisi wanawake tunapanda pikipiki kila siku, tena nyuma, upande upande, kichwa kitupu, mkono mmoja umeshika simu, mtoto kapakatwa, na pindo la buibui linapepea hatua moja na mnyororo. Huyo haulizwi kitu. Anaulizwa aliyekaa mbele, aliyefunga kamba.

Wiki ya tatu, nimeshachoka tamthilia, nikaanza kusoma simuni habari za kofia. Nikakutana na yule Muingereza Lawrence, aliyepigana pamoja na Waarabu katika vita vya kwanza vya dunia. Mei 1935 alikuwa juu ya pikipiki huko Dorset, Uingereza, kichwa kitupu kama desturi ya wakati ule. Akawakwepa vijana wawili wa baiskeli, akaanguka, akafa baada ya siku sita. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwamo mpasuaji wa ubongo aitwaye Hugh Cairns, hakuweza kumuokoa. Wengine tungesikitika tukaendelea na kazi. Cairns akaanza kuchunguza vichwa vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha utafiti wake, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapeleka barua wake wa pikipiki kuvaa kofia. Sheria ya raia ilikuja mwaka 1973. Siku hizi kuna hesabu kubwa zaidi: waliozikusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2008 waliona kofia inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa kiasi cha asilimia 42, na majeraha ya kichwa asilimia 69. Nilizisoma tarakimu hizo nikajishika shavu.

Baada ya muhogo kufunguliwa, mguu ulitoka mwembamba, mkavu, una manyoya, kama wa mtu mwengine. Nilidhani nitainuka niende. Haukukunjika hata kidogo. Mtaalamu wa mazoezi akaniambia nikae, niunyanyue, niandike herufi hewani kwa kidole gumba, A mpaka Z, mara tatu kwa siku. Binti yangu wa miaka saba, aliyetoka chuoni, kusoma Kurani, muda ule ule, akasema hapana, tuandike za chuoni. Basi kila baada ya Alasiri akakaa mbele yangu na ufito, akijifanya mwalimu. Alifu ni rahisi, juu chini. Be unaivuta kama ngalawa kisha unadonoa nukta chini. "Mama, nukta!" Jimu na wenzake, hapo jasho. Aini na ghaini ndizo zilizonitoa machozi, kwa sababu lazima kifundo kizunguke kwenda na kurudi.

Kofia ilikaa ukumbini muda wote huo. Kwa mbali utasema nzima, imekwaruzika tu. Kijana mmoja wa bodaboda alinifuata anataka kuinunua, elfu kumi na tano. Nikamwambia imeshafanya kazi yake. Hakunielewa, akapandisha mpaka ishirini. Hapo nikaona nikiiacha itaibiwa, itaishia kichwani mwa mtu. Nikaipeleka skuli, tukaikata katikati kwa msumeno mbele ya kidato cha pili. Gamba nje, na ndani yake povu gumu jeupe, kama lile linalokuja na friji mpya. Upande wa kulia povu lina unene wa vidole viwili. Upande wa kushoto, penye shavu, limebonyea na kupasuka. Nikawaambia waliguse. Povu hilo limewekwa lipondeke, ili kishindo kiliishie lenyewe, na likishapondeka halirudi. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida haulizi kitu, akauliza: "Mwalimu, na miguu inatengenezewa nini?" Darasa zima likacheka, likitazama makubadhi yangu. Ndiyo, nilikuwa nimeshanunua mengine.

Jumamosi ile nikamtuma mume wangu Darajani. Akanitafutia buti za mtumba za ngozi ngumu, zinazopita juu ya kifundo, na glavu. Kaka wa Maskati ameleta kofia nyengine, safari hii nimesoma kitambaa mwenyewe. Koti la wavu lenye pedi za mabegani na viwikoni bado nalitafuta. La ngozi kwa joto letu sitalivaa, nikilinunua nitakuwa najidanganya. Skuli wananiita Mwalimu Buti.

Kwenye ile kona niliyoangukia, mara ya kwanza kurudi, nilizima, nikashuka, nikaisukuma vespa mpaka nikaipita. Ilikuwa mwezi wa nne, masika, hakuna embe hata moja. Wauza maembe hawakuwapo wa kunicheka. Mara ya pili niliipita nimepanda, mwendo wa mtu anayetembea.

Alifu sasa iko sawa, be, te, mpaka dali. Ghaini bado inauma, hasa kukiwa na mvua.