Foleni ipi hiyo?
Jana kazini mjadala wa wahamiaji wasio na vibali Marekani ulinikera mpaka nikatoka nje. Wanaopinga kuwapa vibali wanauita "msamaha", kana kwamba uraia unagawiwa bure. Sheria aliyotia saini Rais Reagan mwaka 1986 iliwapa makaratasi watu wapatao milioni 2.7, na wengi wao ilibidi wathibitishe wameishi Marekani tangu kabla ya 1982. Sheria hiyohiyo iliwakataza waajiri kuajiri wasio na vibali. Mbona waajiri hao hawapigiwi kelele?

Eti "wapange foleni." Dada mmoja ninayefanya naye kazi ameolewa na raia, ila aliingia kwa kuvuka mpaka kimyakimya. Akitoka Marekani kwenda kuomba viza, sheria ya 1996 inaweza kumfungia nje miaka 10. Bahasha yake imejaa karatasi za kodi alizolipa. Inaniuma sana, jamani.