Wiki ya 14: kadi zangu zilikuwa zinanibembeleza

Hatimaye! Kwenye mazoezi yangu ya chemsha bongo nimepata 38 kati ya 50. Wiki sita mfululizo nilikwama kwenye 27, 28, 27, tena 28, huku Anki, programu yangu ya kadi za maswali na majibu, ikinipongeza kila asubuhi kwamba nakumbuka asilimia 91 ya kadi zangu. Haiwezekani namba zote mbili ziwe za kweli. Moja ilikuwa inanidanganya, na kwa muda mrefu nilimshuku mtunga maswali.

Ratiba ya marudio sielezi, mnaijua. Kipimo ni kilekile: kila Jumamosi maswali 50 kutoka vipindi vya zamani vya chemsha bongo ambavyo sijawahi kuvitazama, sekunde tano kila swali, jibu kwa sauti, masahihisho mwishoni. "Nilikuwa nalo mdomoni" ni kosa kama makosa mengine.

Kilichonifumbua macho ni tungsteni. Kadi yangu ilisema: "W ni alama ya elementi gani?" Nilikuwa naijibu hata kabla sijamaliza kuisoma. Jumamosi moja likaja swali: ni metali gani jina lake linatokana na maneno ya Kiswidi yenye maana ya "jiwe zito"? Kimya. Maswali machache baadaye, kutoka kipindi kingine kabisa: ni metali gani inayeyuka kwenye joto la juu kuliko metali nyingine zote? Kimya tena! Metali ileile, mara mbili katika kikao kimoja, na habari zote hizo, jiwe zito pamoja na nyuzi joto 3,422, nilishazisoma zamani. Kumbe sikuwa naijua tungsteni. Nilichokijua ni sura ya kadi yangu: herufi moja, alama ya kuuliza, mdomo unajifungua wenyewe.

Dawa ya kwanza ilikuwa kugeuza kadi zote kichwa chini. Wazo nililipata kwenye historia ya Jeopardy!, chemsha bongo ya televisheni ya Marekani. Miaka ya 1950 Marekani ilitikiswa na kashfa za vipindi ambavyo washiriki walikuwa wakipewa majibu kisirisiri. Merv Griffin, mwanzilishi wa Jeopardy!, alipokuwa akitafuta kipindi kipya, mkewe Julann akamwambia: basi wape majibu hadharani, wao watafute swali. Akamtupia mfano: "5,280". Swali lake: maili moja ina futi ngapi? Mwaka 1964 kipindi kikawa hewani. Nikajiambia, kama kugeuza kuliwafaa wale, mimi ni nani? Jioni moja tu, kadi 1,140 zikawa 2,280.

Balaa. 5,280 inageuzika vizuri kwa sababu ni namba yenye mwenyewe mmoja. Sasa jaribu 1975. Kadi ya uhuru wa Suriname ilipogeuzwa ikawa inaniuliza "1975" na kusubiri niseme Suriname. Kwa nini isiwe Msumbiji? Au Angola? Komoro, Cape Verde, São Tomé na Príncipe na Papua Guinea Mpya wote ni wa mwaka huohuo. Nikisema Angola nakuwa nimesema kweli, kadi inaninyima. "Nchi yenye lugha rasmi ya Kiholanzi"? Nikajibu Ubelgiji, nikakosa. Wiki mbili nzima nilizimaliza nikigombana na kadi nilizozitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Siku moja nilifunga kompyuta kwa kishindo ambacho sijivunii.

Nilipotulia nikafungua jedwali la makosa, nikaficha safu ya majibu, nikasoma maswali peke yake. Hapo ndipo nikaona ufundi wa wanaotunga. Hawakupi kidokezo kimoja. Wanapishanisha viwili, kila kimoja kikiwa peke yake kinaacha majibu chungu nzima, ila pale vinapokutana amesimama mtu mmoja tu. Uhuru mwaka 1975, na Kiholanzi: Suriname. Kiholanzi, na Amerika Kusini: Suriname tena, kwa njia nyingine.

Nikafuta zile 1,140 zilizogeuzwa, bila huruma. Sasa naanzia kwenye jibu, nalitafutia milango minne, na kila mlango nauhakiki: je, kuna mwingine anaweza kupita hapa? Kama yupo, naongeza kidokezo cha pili. "Metali iliyotengenezewa uzi wa ndani ya balbu za zamani, alama yake haifanani na jina lake." Inachosha, jamani. Nimemaliza majibu 212 tu. Lakini kwenye lile 38, maswali 13 yaligusa majibu hayo 212 na sikukosa hata moja.

Kuhusu zana: kitufe cha "rahisi" kwenye Anki nimeacha kabisa kukigusa, ni kitufe cha kujisifu. Na mnaoniambia nirudi kwenye kadi za karatasi, hizo ndizo mbaya zaidi. Unalikumbuka doa la wino kwenye kona, jibu linafuata doa. Angalieni pia maswali ya zamani yanavyooza. Kabla ya 2006 sayari zilikuwa tisa, leo nane. Mji mkuu wa Kazakhstan niliusahihisha 2019 kutoka Astana kuwa Nur-Sultan, ilipofika 2022 nikausahihisha kurudi Astana. Kadi imezunguka dunia na kurejea kitini pake.

Mpango wa wiki hii ulikuwa wachoraji, hasa Manet na Monet ninaowachanganya tangu wiki ya 2. Sikuwagusa. Nilikumbuka kwamba kwenye Jeopardy! ukibonyeza kitufe cha kuomba kujibu kabla taa ya ruhusa haijawaka, unafungiwa kwa robo sekunde, na robo sekunde inatosha mwenzako kukupora swali. Basi mezani sasa kuna kitufe kikubwa chekundu, Arduino (kibao kidogo cha kompyuta), taa ndogo na waya nilizolehemu vibaya. Usiku wa kwanza kila nikibonyeza mara moja inasoma mara tatu, maana vyuma vya ndani vinadunda kabla ya kutulia. Nimeiamuru ipuuze milisekunde 20 baada ya mguso wa kwanza, ikaacha. Katika majaribio 40 nimefungiwa mara 17. Kesho nahamishia taa upande wa kushoto nione.