Mahamri ya nazi: ninavyoyapata yafure vizuri Nairobi

Hamri zuri ukilipasua unakuta uwazi katikati, mahali pa kujazia mbaazi. Uwazi huo hauletwi na hamira nyingi. Hamri linapoingia kwenye mafuta yenye moto wa kutosha, pande zake mbili hukauka upesi, maji yaliyo ndani yanageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaozitenganisha. Kwa hiyo nguvu zangu nazipeleka kwenye kusukuma na kukaanga.

Vipimo vyangu: unga mweupe wa ngano gramu 500, sukari gramu 100, hamira ya chenga kijiko kimoja na nusu cha chai, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, na tui zito mililita 300 hivi. Unga uwe wa kawaida, si ule uliotiwa bekingi poda kiwandani. Huo hutoa andazi la kama mkate, laini lakini limejaa ndani. Sukari usiipandishe. Ikizidi, hamira inalemaa na ngozi inaungua kabla ndani hakujaiva.

Tui la pakiti linafaa, ila nikipata nazi nzuri Marikiti naikuna mwenyewe. Itikise usikie maji, na uangalie macho yake yasiwe na ukungu. Ikande kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kisha ukamue. Tui liwe la joto ambalo kidole kinalivumilia bila shida, maana la moto sana huua hamira.

Mimina tui kidogo kidogo, kwa sababu unga hautofautiani kwa jina tu, hata unywaji wa maji si mmoja. Kanda dakika 10 mpaka donge liwe laini na liache kunata mikononi. Funika.

Kuumuka kunahitaji macho kuliko saa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa hailigandamizi donge kama Mombasa, basi gesi hutanuka upesi. Lakini baridi ya Julai nayo huichelewesha hamira. Ngoja donge liwe maradufu, iwe saa moja au mbili. Likipitiliza, linanuka uchachu na mahamri yanatoka bapa.

Gawa madonge manne, yapumzike dakika 10. Sukuma kila moja liwe duara la upana wa sentimita 20, unene uzidi nusu sentimita kidogo tu. Likiwa jembamba kama chapati, linakuwa kaukau. Likiwa nene, halitengani. Unene uwe sawa mpaka ukingoni, kwani hamri lenye upande mwembamba hufura nusu. Kata kila duara vipande vinne kwa kisu kikali, uvifunike kwa kitambaa. Unga wa kunyunyizia uwe haba na ukung'utwe, la sivyo utaungua chini ya karai na kuyatia mafuta uchungu.

Mafuta yawe na kina cha vidole vitatu au zaidi, joto nyuzi 175 hadi 180. Huna kipimajoto? Tupia kijidonge: kikizama kisha kikapanda juu chenyewe kwa sekunde chache huku povu likikizunguka, anza. Kikikaa chini, mafuta hayajawa tayari, na mahamri yatayanywa. Kikigeuka kahawia papo hapo, punguza gesi.

Tia vipande vitatu au vinne tu kwa wakati mmoja, maana vingi vinayapoza mafuta. Mara kinapopanda juu, kimwagie mafuta ya moto mgongoni kwa kijiko cha matundu, mfululizo, mpaka kifure. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanageuza mapema, upande wa juu ukiwa bado mbichi na mzito, nao hauinuki tena. Kikishafura, geuza, dakika moja na nusu kila upande yatosha.

Yatandaze kwenye chujio. Usiyafungie kwenye hotipoti yakiwa ya moto, yatatoa jasho na ngozi italegea.